Kutoka Lukaya hadi Kyaliwajjala: kulirudisha gari bovu kwa trela ya kukodi

Gari likikufia kwenye barabara ya Masaka, ng'ambo ya kinamasi cha Lwera, hesabu ya kwanza inayokuja kichwani ni ya pesa: nani ana kamba, nani ana Hilux, nani ana trela, na atataka ngapi. Iweke kando kidogo. Kuna swali linalotangulia: ni kitu gani kitakachousimamisha huo mzigo wote boda boda itakapokatiza mbele yako pale Busega? Karibu kila gari lenye injini nzima linaweza kumvuta mwenzake aliyekufa. Kusimama ndiko kunakoyashinda. Haya nayaandika kwa ajili ya mtu wa Kampala ambaye gari lake limelala Lukaya, zaidi ya kilomita 100 kutoka nyumbani, naye anafikiria kukodi trela alirudishe mwenyewe. Inawezekana, na kwa gari lenyewe mara nyingi ndiyo njia salama kuliko zote, ila masharti yake hayapunguzwi hata moja.

Kabla ya kupiga simu ya trela, liondoe gari barabarani. Kama magurudumu bado yanazunguka, weka gia huru, geuza ufunguo mpaka usukani uachie, kisha omba vijana wa steji ya boda wakusaidie kulisukuma hadi pembeni, na ikiwezekana hadi kituo cha mafuta. Abiria washuke wote wakae mbali na lami. Pembetatu ya kuakisi ya nyuma iwe hatua 60 au zaidi kutoka garini, na kama kuna kona au kilima, iweke mahali ambapo dereva ataiona kabla hajaifikia kona yenyewe. Matawi ya miti tunayotupa barabarani yanasaidia mchana tu. Usiku hayaonekani mpaka yawe chini ya bampa. Ukiyatumia, yaokote unapoondoka. Mei 2018, karibu na Kiryandongo kwenye barabara ya kwenda Gulu, basi la abiria liliparamia trekta lisilokuwa na taa, kisha likagongana na lori la bia. Zaidi ya watu 20 walikufa. Chombo kinachojikokota gizani bila taa kinaua sawasawa na kilichosimama, na gari linalovutwa usiku kwa kamba ndicho chombo hicho.

Ikiwa limeharibika kwa ajali, usilisogeze mpaka askari wa trafiki wafike. Namba ni 999 au 112. Ikiwa ni ubovu tu na una bima kubwa, mpigie wakala wako kabla ya kuahidi pesa kwa mtu yeyote, maana bima nyingi za namna hiyo hulipa gharama za kuvutwa hadi kiwango fulani, na hazilipi kama hazikuarifiwa mapema. Jua likishazama, usivute. Liache gari kwenye kituo cha polisi au kituo cha mafuta kinachofanya kazi usiku kucha, chukua jina na simu ya msimamizi, na kama liko karibu na makazi, mwenyekiti wa LC1 ajue ni la nani na litaondoka lini. Toa betri, redio na karatasi zote. Vioo vya pembeni huibwa upesi, ndiyo maana wengi Kampala huchora namba ya gari juu yake.

Kamba au trela

Kamba imerudisha magari mengi nyumbani, siikatai. Kwa gari la gia za mkono, barabara tambarare na mwendo mfupi hadi gereji ya jirani, inatosha. Lakini fikiria hali ya aliyeshika usukani wa gari la nyuma. Injini imezima, kwa hiyo baada ya kukanyaga breki mara mbili tatu, msaada wa upepo unaolainisha breki umekwisha; anabaki kukanyaga kwa nguvu za mguu wake. Usukani nao umekuwa mzito. Na yeye ndiye anayetakiwa kufunga breki kwanza kila mara, ili kamba isilegee kisha ikakatika kwa mshtuko wa kuvutwa tena. Mjini kuna hatari nyingine ambayo madereva wa nchi nyingi hawaijui: boda boda akiona nafasi ya mita tatu kati ya magari mawili anaiona ni njia, anaingia. Kamba yenyewe haioni. Kama lazima uvute kwa kamba, ifunge vitambaa vyekundu katikati, gari la nyuma liwashe taa za tahadhari, na msipite mjini kati.

Tatizo kubwa zaidi liko ndani ya giaboksi. Magari mengi ya Kampala yametoka Japani yakiwa yametumika, na mengi ni otomatiki. Mafuta ya giaboksi ya namna hiyo husukumwa na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizima, pampu imelala. Lakini magurudumu yanayogusa lami yanaendelea kuzungusha meno yaliyo ndani, na yanasagana bila mafuta ya kutosha. Vitabu vya watengenezaji vikiruhusu, huruhusu mwendo mfupi wa polepole. Kutoka Lukaya hadi Kampala kwa kamba utakuwa umeongeza giaboksi kwenye orodha ya vilivyokufa, wakati pengine kilichokufa mwanzo kilikuwa pampu ya maji tu.

Magari yanayoendeshwa na magurudumu yote manne yana sharti kali zaidi. Subaru Forester, kwa mfano, isivutwe ikiwa imening'inizwa magurudumu ya mbele huku ya nyuma yakizunguka barabarani. Mfumo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma utapata joto na kuharibika. Ama manne yote yawe juu, au gari lisisogee. Toyota Premio, Wish na Ipsum nyingi huendeshwa na magurudumu ya mbele, nazo hazina shida zikining'inizwa mbele. Ila yapo matoleo ya majina hayo hayo yanayosukuma kwa magurudumu manne, na kwa nje hayatofautiani sana. Usimwamini aliyekuuzia. Inama uchungulie chini: ukiona propela shafti inayokwenda nyuma hadi kwenye difu, hilo gari lako lipande trela au lori zima.

Trela inapatikana wapi

Marekani kampuni ya U-Haul imekuwa ikikodisha trela tangu 1945, na Afrika Kusini ni jambo la kila mji. Kampala haina maduka ya namna hiyo kila kona. Trela ya kubebea gari hapa utaipata kwa watu wa aina tatu. Wa kwanza ni watu wa mbio za magari, maana gari la mashindano haliendeshwi hadi mahali pa mashindano, hubebwa. Gereji zinazotunza magari ya rali zinajuana, na ukimuuliza mmoja atakuelekeza kwa mwingine. Wa pili ni wafanyabiashara wa mashine na jenereta. Wa tatu ni mafundi wa kuchomelea wa Katwe, wanaotengeneza trela wenyewe na wakati mwingine huikodisha iliyo uani. Wapo pia wenye trela za mashua kule Munyonyo na Entebbe, lakini trela ya mashua haina sakafu wala njia za magurudumu. Usishawishike hata kwa bei ndogo.

Kisha lipo lori la kubeba gari mgongoni, wanaloliita selfuloda. Linakuja na dereva wake, sakafu inalala yenyewe, gari linavutwa kwa winchi, safari inaanza. Nasema wazi: kama gari lako bovu ni Prado, Land Cruiser au Hiace, au kama huna gari zito la kuvutia, kodi selfuloda uache habari ya trela. Linganisha bei kwa ukamilifu wake. Upande wa trela jumlisha kodi ya siku, amana, mafuta ya gari linalovuta kwenda na kurudi, na posho ya dereva ikiwa gari ni la kuazima. Mara kadhaa tofauti itakuwa ndogo kuliko ulivyodhani.

Hesabu ya uzito

Hii ndiyo hesabu inayoamua. Forester ina takriban kilo 1,450. Trela ya kubebea gari, yenye ekseli mbili, ina kilo 600 hadi 1,000 ikiwa tupu. Ile ya U-Haul inakaribia 1,000. Chukua 800. Unavuta kilo 2,250 kabla ya kuhesabu mizigo uliyoiacha kwenye buti. Premio ina kama kilo 1,200, kwa hiyo na trela ni 2,000.

Sasa tazama linalovuta. Hilux ya milango minne ina uzito wake wa karibu tani mbili na watengenezaji wameipa uwezo wa kuvuta tani mbili na nusu au zaidi, kulingana na toleo, mradi trela ina breki. Land Cruiser inatosha bila wasiwasi. RAV4, Noah, Harrier na jamaa zake waache. Watavuta, ndiyo, na watapanda kilima, na hapo ndipo mtu hudanganyika. Katika mteremko, kilo 2,000 zilizo nyuma zinaisukuma RAV4 ya kilo 1,500, na breki zake hazikuundwa kwa kazi hiyo. Kanuni yangu ni kwamba mzigo pamoja na trela usizidi sana uzito wa gari linalovuta, hata kama kitabu kinaruhusu zaidi, kwa sababu kitabu kinahesabu barabara iliyonyooka na matairi mapya.

Na trela yenyewe iwe na breki. Ulaya na Afrika Kusini, trela isiyo na breki hairuhusiwi kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo wake. Gari dogo kabisa la mjini, likipanda trela, limeshaupita uzito huo mara mbili. Utakutana na trela isiyo na breki, nzuri kwa macho, yenye rangi mpya, na mwenyewe atakuambia amebebea magari mangapi. Mshukuru, ondoka.

Ikague kama unainunua

Trela nyingi utakazoonyeshwa zimechomelewa hapa hapa, na mafundi wa Katwe ni hodari kweli. Nimeona kazi zao zikishinda za nje kwa uimara. Lakini hazina kiwanda kinachozisimamia baada ya hapo, hivyo mkaguzi ni wewe. Nenda mchana, na uende na jeki.

Anza na shingo. Tufe la chuma lililo nyuma ya gari linalovuta na kikombe cha trela kinachokaa juu yake lazima viwe vya kipimo kimoja. Kipimo cha kawaida kwa magari ya kwetu ni milimita 50. Trela iliyotoka Marekani inaweza kuwa ya inchi, na kikombe kikubwa juu ya tufe dogo kitaonekana kimekaa mpaka upite tuta la kwanza. Fungia, tia pini, kisha nyanyua shingo ya trela kwa jeki: kama kimeshika, nyuma ya gari itainuka pamoja nayo. Kikiachia, hujafunga. Chini ya shingo pawe na minyororo miwili, ipishane kama msalaba, ili shingo ikichomoka iangukie juu ya minyororo na isichimbe lami.

Tazama mishono ya kuchomelea kwenye shingo, kwenye ekseli na kwenye bawaba za njia za kupandia. Ufa huanza kama mstari mwembamba wa kutu unaotokeza kwenye rangi. Ukiuona, safari hiyo haipo.

Matairi ya trela huzeeka kwa kusimama. Yanaweza kuwa na kashata nzima na bado yakawa yameoza. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne ndani ya umbo la yai: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lililopita miaka sita au saba, au lenye nyufa ndogo ndogo ubavuni, lisikubebee gari. Ulizia tairi la akiba na spana inayolingana na nati zake, kwani mara nyingi nati za trela hazilingani na spana ya gari lako.

Nyanyua kila gurudumu kwa jeki ulizungushe kwa mkono. Likilia au kukwaruza, beringi zinataka kubadilishwa. Litikise juu na chini. Likicheza, habu imelegea. Hapa ndipo trela za kukodi zinapoharibika zaidi, kwa kuwa kila mkodishaji anadhani aliyemtangulia aliweka grisi. Breki zijaribu uani: endesha trela tupu polepole, funga breki, na usikie kama inakusukuma mgongoni au inasimama pamoja nawe. Taa mwisho. Chomeka plagi, mtu asimame nyuma, jaribu indiketa zote mbili, breki na taa za usiku. Plagi ya pini saba na ile ya pini 13 haziingiliani, na kifaa cha kuunganisha ni afadhali ukitafute Ndeeba au Kisekka siku moja kabla kuliko kukihangaikia alfajiri ya safari.

Karatasi zisikuchoshe. Trela iwe na namba yake ya usajili na nakala ya umiliki utakayosafiri nayo. Tazama kama leseni yako ina daraja la kuvuta trela. Kama haina, tafuta dereva mwenye nalo. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima Uganda tangu sheria ya 1989, lakini muulize mwenye bima yako kwa maandishi kama inafunika pia madhara yatakayofanywa na trela iliyofungwa nyuma ya gari lako. Mkataba na mwenye trela uandikwe hata kama mnajuana: tarehe na saa ya kurudisha, amana, unakokwenda, na nani anayelipa tairi likipasuka. Piga picha kila upande mbele yake.

Kupakia

Usipakie pembeni mwa barabara kuu ikiwa kuna njia nyingine yoyote. Lukaya ina viwanja vingi vya malori. Omba nafasi tambarare. Funga trela kwenye gari linalovuta kwanza, breki ya mkono juu, kabari au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu. Trela ambayo haijafungwa, gari likipanda nyuma yake, shingo yake huruka juu.

Gari lisilowaka hupandishwa kwa winchi, au kwa chenibloku kama winchi haipo. Kazi ya chenibloku ni ya polepole na ndiyo sifa yake. Kusukuma kwa mikono kunawezekana kwa gari dogo, lakini wasukumaji wakae ubavuni, kwenye nguzo za milango. Asisimame mtu nyuma ya gari lililo kwenye njia za kupandia, na asisimame mtu kando ya waya uliokazika. Tupa koti zito au gunia juu ya waya ili ukikatika usiruke. Ndani akae mtu mmoja tu wa kuongoza usukani, akijua kwamba breki zitakuwa ngumu mguuni.

Gari liingie kwa pua, injini ikitazama mbele. Trela ni kama mizani ya sokoni, na ekseli ndiyo mkono inaponing'inia: mzigo ukizidi mbele, shingo inakandamiza nyuma ya gari linalovuta, ukizidi nyuma, inainyanyua. Unataka izidi mbele kidogo. Takriban sehemu moja kwa kumi ya uzito wote ikae shingoni. Huna mizani ya kupimia hapo Lukaya, kwa hiyo tumia macho. Pima kwa futi kutoka ardhini hadi bampa ya nyuma ya gari linalovuta kabla na baada ya kupakia. Ikishuka sentimita chache, vizuri. Ikishuka mpaka taa za mbele zinatazama mbinguni, rudisha gari nyuma kidogo. Ikipanda, usiondoke hata kama giza linaingia: trela yenye uzito nyuma ndiyo inayoanza kuyumba kama nyoka ukifika kilomita 60, na watu hufa kwa hilo.

Kufunga ni mikanda minne yenye racheti, kila kona na wake, na kila mmoja na sehemu yake ya kushikia. Miwili ya mbele ivute mbele, miwili ya nyuma ivute nyuma. Ni bora ipite juu ya matairi kuliko kwenye mwili wa gari, kwa sababu gari likiruka kwenye mashimo springi zake hucheza, na mkanda uliofungwa juu ya springi hulegea na kukaza kila mara. Tazama usikandamize bomba la breki. Ukishakaza yote ndipo uvute breki ya mkono na kuweka gia ya kuegesha, au gia ya kwanza kwa gari la kawaida. Kamba za mkonge na ile mipira ya kufungia mizigo kwenye boda boda havina nafasi hapa. Funga vioo, funga boneti, na asikae mtu ndani ya gari lililopakiwa, hata mtoto aliyelala.

Njiani

Jumapili alfajiri ni siku yenyewe. Ondoka Lukaya saa 12 na nusu, mwanga ukishatosha, na mji utakuwa bado haujaamka. Epuka wiki inayoishia tarehe 3 Juni, siku ya Mashahidi, ikiwa nyumbani ni upande wa Kyaliwajjala: mahujaji wanatembea kwa miguu kando ya barabara kuu kutoka pande zote, na njia za kuelekea Namugongo hufungwa au hujaa watu.

Kabla ya kuingia Lwera, zunguka uwanja mara moja, simama, kaza mikanda tena, itakuwa imelegea. Kwenye kinamasi chenyewe hakuna mahali pazuri pa kusimama, na barabara ile imeteseka kwa maji, hata Mei 2023 ilikatika kabisa kwenye daraja la Katonga. Simama Kayabwe, pale kwenye alama ya ikweta. Watalii watakuwa wakipiga picha. Wewe zunguka trela uguse kila habu kwa nyuma ya mkono. Vuguvugu ni sawa. Kama moja ina joto la kukufanya uondoe mkono upesi kuliko nyingine, beringi hiyo inaungua, na ni bora utafute fundi Kayabwe kuliko gurudumu likupite mbele ya Buwama.

Mwendo wangu ni kilomita 60 kwa saa, na 40 kwenye vituo vya biashara. Hata kwenye barabara kuu pana za Marekani, U-Haul inawataka wateja wake wasizidi maili 55, yaani kilomita 88. Kwa mwendo wa 80 unakula mita 22 kila sekunde; kwa 60, ni karibu 17. Tofauti hiyo ni mwanafunzi anayevuka. Kila tuta lipite kwa mwendo wa kutembea, ukikumbuka kwamba magurudumu ya trela yatalipanda baada ya yako. Katika miteremko ya kuelekea Mpigi, shusha gia ukiwa bado juu, uiachie injini kazi ya kuzuia. Ukiikanyaga breki mfululizo mpaka chini itapata moto na kulegea pale unapoihitaji. Mabasi yatakupigia honi. Ukipata nafasi pembeni, wapishe, kisha endelea na mwendo wako.

Trela ikianza kuyumba, mikono itataka kupambana nayo na mguu utataka breki. Usikubali. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani uwe umenyooka, acha mwendo upungue wenyewe. Ikitulia, simama uangalie uzito umekaaje kabla ya kuendelea, kwa sababu itarudia.

Ukifika Busega usiende Nateete wala Kibuye. Chukua barabara ya Northern Bypass, kilomita 21 inayouzunguka mji hadi Bweyogerere, utashuka Naalya. Kwenye makutano, ingia kwa upana: trela hukata kona ndani ya njia uliyopita, na aliye ndani ya kona hiyo mara nyingi ni boda aliyejipenyeza upande wa kushoto. Mwenzako aliyekaa kiti cha abiria kazi yake iwe kioo cha kushoto peke yake, safari nzima.

Kufika

Kupeleka gari nyumbani badala ya gereji kuna faida moja ninayoithamini: fundi unayemwamini anakuja kulitazama bila haraka, na hakuna anayefungua injini ukiwa hupo. Lakini nenda kwanza kwa miguu ukalione geti lako kwa macho ya dereva wa trela. Trela ya gari ina upana wa zaidi ya mita mbili, na vichochoro vya Kyaliwajjala havikutengwa kwa ajili yake. Kama njia ni ya murram na mvua za Machi hadi Mei au za Septemba hadi Novemba zimeanza, usishuke nayo bondeni. Pakua kwenye lami au kwenye kituo cha mafuta cha karibu, kisha gari lisukumwe mita zilizobaki.

Ukilazimika kurudi kinyumenyume, shika usukani kwa chini. Mkono ukienda kushoto, nyuma ya trela inakwenda kushoto. Fanya hatua fupi fupi, na ikianza kujikunja usijaribu kuiokoa kwa kurudi zaidi. Songa mbele ujinyooshe, uanze upya. Mtu mmoja tu ndiye aelekeze, na asimame unapomwona kwenye kioo. Wakati wa kupakua, kabari ziwekwe tena, mikanda ya mbele ifunguliwe mwisho, na gari literemshwe kwa winchi au chenibloku ikiachia taratibu. Usiliachie literemke lenyewe kwa kutegemea breki zisizo na injini.

Trela tupu inarudi ikiruka ruka zaidi kwenye mashimo kuliko ilipokuwa na mzigo, kwa hiyo usiongeze mwendo kwa sababu ya wepesi. Irudishe mchana ule ule, mwenyewe akiwepo. Nyanyueni magurudumu kwa jeki ayazungushe kwa mkono wake, mlinganishe na picha mlizopiga, asaini kwenye mkataba ule ule kwamba ameipokea nzima, ndipo umpe pini ya shingo naye akurudishie amana.